Sakafu ya Darasa la Nne

Mwalimu wetu wa darasa la nne hakujua kugawanya. Naanza na hilo kwa sababu nikiwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha hesabu, wanamfikiria mama mwenye miwani na akili ya kutisha, na huyo si yeye. Ukimwomba agawanye mia tatu na kumi kwa kumi na tatu alihema, akakuna shingo, akasema twende kwanza tukanywe maji. Jumla za rejista ya mahudhurio alinipa mimi nimfanyie, tangu nilipokuwa darasani mwake hadi nilipofika la saba, na kila mwisho wa mwezi alinipa ndizi mbivu kwa kazi hiyo. Lakini umbo lolote lililolala bapa mbele yake, liwe kivuli cha paa au kiraka cha suruali, alilitazama kwa raha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Alizaliwa wapi na alikuwa binti wa nani, sijui. Wakati ule mtoto hakumwuliza mwalimu mambo hayo, na nilipokua nikaweza kuuliza nilikuwa na jambo jingine zito zaidi la kumwambia. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sweta ya kijani iliyochakaa viwiko. Kiwiko kimoja alikishonea kiraka cha mraba, kingine cha duara. Wamama wa kanisani walimcheka kwa hilo, wakasema hata kushona hajui. Sisi tulijua kwamba amefanya kusudi, na tulijiona wajanja kuwazidi mama zetu.

Shule yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, juu ya barabara ya Keumbu, kuta za udongo, mabati juu, na chini ardhi tupu. Siku hizi nikiwaeleza wajukuu kwamba tulisomea juu ya samadi wanaziba pua. Ndivyo ilivyokuwa. Kila Ijumaa mchana wasichana walileta samadi ya ng'ombe kwenye majani ya mgomba, wavulana wakateka maji mtoni, tukachanganya na udongo na majivu, tukasiriba sakafu kwa mikono ili vumbi litulie na funza wasitule vidole. Kwa walimu wengine hiyo ilikuwa kazi ya usafi, na walikaa nje wakipiga soga mpaka tumalize. Mwalimu wetu alivua viatu akaingia nasi.

Alichofanya ni kuigeuza Ijumaa ile kuwa somo. Alikuwa na kamba ya nyuzi za mgomba, vigingi vinne, na mfuko wa vipande vya mawe laini alivyokwenda kuokota mwenyewe Tabaka, kule wanakochonga sahani na vinyago. Mawe hayo yakikwaruzwa hutoa unga mweupe, na mengine unga wa waridi. Kigingi kimoja katikati, kamba, na mtoto anayezunguka akikwaruza chini: tumepata duara. Kamba ileile, bila kuifupisha, unaipima ukingoni mwa duara hatua kwa hatua, na inaingia mara sita barabara. Nakumbuka tulivyokataa kuamini. Tulirudia duara kubwa, tukarudia dogo, tukarudia la uani, na kila mara sita. Alikaa pembeni akitutazama, mikono imejaa samadi, anacheka bila sauti.

Baadaye kila kundi lilipewa umbo lake la kusiriba. Pembetatu hizi kwa udongo mwekundu wa kilimani, zile kwa majivu, miraba kwa masizi ya makaa, na mistari ya kati kwa unga mweupe. Ilipokauka tulikuwa na sakafu ambayo hata kanisa halikuwa nayo. Tuliogopa kuikanyaga Jumatatu. Yeye alisema tuikanyage, tena kwa nguvu, kwa kuwa Ijumaa tutaibuni nyingine.

Maneno yake mengi aliyasema kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, na nikiyaandika kwa Kiswahili yanapungua chumvi, lakini sina njia nyingine. Mtoto akinyoosha kidole na kusema "mraba", hakusifiwa. "Jina lake tumelisikia," alisema. "Sasa nipe tabia zake." Ilibidi useme pande zake zikoje, pembe zake zikoje, ukiukunja unaangukaje. Pembe alitufundisha kwa jani la mgomba: likunje mara moja popote, kisha likunje tena mkunjo ulale juu ya mkunjo, na kona unayopata ni ileile ya mlango na ya kitabu. Tulitembea na makona hayo ya majani mifukoni tukipima kila kitu, dawati, msalaba wa Wakatoliki kule ng'ambo, mabega ya hedimasta kwa mbali. Mraba aliusimamisha juu ya ncha moja akauliza ni nani huyo. Tukisema ni umbo jingine alisikitika kweli kweli, kana kwamba tumemkana ndugu. "Amelala kiubavu tu," alisema. "Ni yeye."

Kulikuwa na mvulana mmoja mbishi aliyeitaka pembetano. Alitaka kuifunika sakafu nzima kwa pembetano zenye pande sawa, bila kuacha nafasi, ili kundi lake liwashinde wengine. Mwalimu alimpa kona yake chini ya dirisha na majani mengi ya kukata. Siku tatu mvulana huyo alipanga na kupangua, akafikia kulia. Kila mara palibaki ufa mwembamba ambao hapakuwa na jani la kuingia. Sisi tulitaka mwalimu amwambie tu kwamba haiwezekani, maana ilikuwa wazi kwamba yeye anajua. Siku ya nne mvulana alisimama akasema, "Mwalimu, huyu hakai na wenzake." Mwalimu akamshika mkono kama anavyoshikwa mtu mzima. Akasema kwamba angemwambia siku ya kwanza angekuwa amesikia tu, na sasa anajua.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na hasira za ghafla, na ukimcheka mwenzako aliyekosea alikufinya sikio mpaka ukaona nyota. Aliwaogopa ng'ombe. Mwanamke ambaye somo lake lote lilitegemea samadi hakuweza kupita karibu na ndama, na akikutana na kundi la mifugo njiani alipanda ukingoni akashika miti mpaka lipite. Alitupigia kelele tunyooshe mistari, na shamba lake la mahindi lilikuwa limepinda kama mto. Alikuwa Msabato wa kushika sana. Ijumaa jua likielekea kuzama aliacha kamba hapo hapo ilipo, hata kama tumebakiza pembetatu moja, akanawa, akaenda zake. Lakini aliwahi kuniambia kwamba Sabato nzima, mchungaji akihubiri, yeye alikuwa akipanga mbao za dari kichwani. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayeungama, nami nilikuwa na miaka kumi, sikujua niweke uso gani.

Na aliogopa watu wenye madaraka. Mbele ya hedimasta sauti yake ilipotea. Hedimasta wetu alikuwa mtu wa viatu vilivyong'aa hata msimu wa tope, na hakupenda sakafu zetu. "Hii mambo ya kuchora chini, mwalimu," alimwambia mara moja mbele yetu, "wazazi wanauliza kama watoto wanakuja kucheza." Mwalimu alijibu ndiyo bwana, ndiyo bwana, na Ijumaa akaendelea.

Sababu ya hofu hiyo niliielewa nilipofika darasa la saba. Hakuwa na cheti. Alikuwa mmoja wa wale waliochukuliwa kufundisha kwa sababu shule zilikuwa nyingi na walimu wachache, na sasa vyuo vilikuwa vinatoa vijana waliohitimu, na kila mwaka mmoja wa wale wa zamani aliambiwa asante, rudi nyumbani. Alijaribu mtihani wa walimu mara mbili, na mara zote mbili kugawanya kulimwangusha. Njia moja ilikuwa imebaki. Mkaguzi angekuja kumwona akifundisha, na akiridhika angempendekeza apandishwe daraja, apewe karatasi yake, abaki. Neno cheti alilitamka polepole, kwa heshima, wakati nikimjumlishia rejista. Aliniambia amepewa tarehe. Aliniambia kwamba akishindwa mara hii hakuna nyingine. Hakusema atafundisha nini, nami sikuuliza.

Laiti ningeuliza. Ningemwuliza swali moja tu, huku nakula ndizi yake.

Majuma matatu kabla ya siku hiyo darasa la nne walikuwa wakibuni sakafu moja kubwa. Niliiona nilipokuwa nikipita. Pembesita katikati, miraba ikiizunguka, pembetatu zikijaza mapengo, yote yakisambaa mpaka ukutani kwa rangi nne. Ijumaa mbili zilipita bila wao kusiriba juu yake, na ilikuwa imeanza kupauka, unga mweupe umefutika mahali mahali kwa nyayo. Nilidhani wamechoka nayo. Sikujua kwamba alikuwa ameiacha kwa makusudi na kuwakataza kuigusa, maana ndiyo ilikuwa somo lenyewe: watoto wangesimama kila mmoja ndani ya umbo lake, wataje tabia za umbo hilo, kisha wamweleze mkaguzi kwa nini halibaki pengo.

Hedimasta alitangaza mchana kwamba kesho kuna mgeni, kila mahali pang'are. Mimi nilikuwa kiranja wa wasichana. Sasa, mtu wa kwetu anisome vizuri hapa, maana mtu wa mbali hataelewa. Mgeni hapokelewi juu ya sakafu ya zamani. Akija mkwe, akija mchungaji, akija hata wa kuleta habari ya msiba, sakafu inasiribwa upya, laini, rangi moja, na mama yangu angeona afadhali tulale njaa kuliko mgeni akute nyufa. Nilichungulia darasa la nne nikaona sakafu imepauka na kuchakaa, na mkaguzi anakuja, na ni yeye, mwalimu wangu, atakayeaibika. Alikuwa ameenda nyumbani kwake mapema kufua ile sweta.

Nilichukua wasichana wanne. Tulileta samadi mbichi, tukachekecha majivu kwa kitambaa ili yawe laini. Nilianzia ukutani nikirudi nyuma kuelekea mlangoni, kwa mkono wangu wa kushoto ambao nyumbani nilichapwa sana kwa ajili yake. Nilipofika kwenye pembesita nilisita kidogo, nakumbuka nilisita, kisha nikapitisha mkono. Sijawahi kusiriba vizuri namna ile. Sakafu nzima ilikuwa kijivu kimoja, bila doa, inameremeta. Tuliichungulia mlangoni tukasukumana kwa furaha.

Asubuhi niliwahi kufika ili nimwone akifungua mlango. Nilitaka kuona uso wake, na niliuona. Alisimama kizingitini na kamba yake mkononi. Hakuingia. Watoto wa darasa la nne wakaja wakajipenyeza kumzunguka, na mmoja mdogo akaanza kulia kwa sauti. Mwalimu akamwekea mkono kichwani.

"Imesiribwa vizuri," akasema.

Alisema hivyo tu. Hakunitazama, na mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na furaha yangu ikakatika.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na kwa baridi ya kilimani kwetu sakafu haikuwa imekauka. Watoto hawakuweza kukaa. Mkaguzi, mtu mrefu kutoka upande wa ziwani, mwenye adabu, aliwakuta wamebanwa ukutani. Sisi wa la saba tulikuwa chumba cha pili, na ukuta wa udongo hauzuii kitu, kwa hiyo nilisikia yote. Alisoma andalio la somo, akauliza kwa Kiswahili mchoro uko wapi. Mwalimu wetu alijibu kwa Kiswahili chake cha kukwama, "Ilikuwa hapa chini, bwana. Sasa haiko." Mkaguzi akauliza imekwenda wapi. Mwalimu akajaribu majani, lakini yalikuwa machache, na aliyakunja kwa pupa, yakachanika. Mkaguzi akawageukia watoto, akachora umbo ubaoni akawauliza jina lake kwa Kiingereza. Watoto hawa walikuwa wamefunzwa kwamba jina si jibu. Walisubiri aulize tabia zake, naye alisubiri jina. Mwishowe alimwomba mwalimu mwenyewe afanye hesabu moja ndogo ya eneo, na ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na kugawanya.

Niliusikia ukimya huo kupitia ukuta. Niko na miaka mingi sasa, na bado nausikia.

Siku iliyofuata, kwenye paredi, hedimasta aliuliza nani alisiriba darasa la nne bila ruhusa. Hakueleza kwa nini anauliza. Alikuwa na fimbo yake, na mimi niliona fimbo tu. Wasichana wanne waliniangalia kwa pembe za macho, nami nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Aliuliza mara ya pili. Walimu walikuwa wamejipanga nyuma yake, na mwalimu wa darasa la nne alikuwa wa mwisho kwenye mstari, akitazama chini kama mimi. Hakuna aliyesema kitu. Tukaimba wimbo wa taifa tukaingia darasani.

Tulifanya mtihani, shule ikafungwa, na muhula mpya ulipoanza darasa la nne lilikuwa na kijana mwenye tai. Dada zangu wadogo walisema anafundisha vizuri, anaandika majina yote ubaoni na wao wanayaimba. Ndani ya nyumba ya mwalimu wetu, ambayo ilikuwa ya msonge wakati kila mtu anajenga ya pembe nne, walikaa mbuzi. Niliambiwa aliondoka asubuhi moja na sanduku moja, na kwamba hakuaga. Nilifaulu mtihani. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, nikapewa cheti changu chenye mhuri, na siku niliyokipokea nilikaa bwenini nikakitazama nikaona aibu. Wenzangu walidhani nalia kwa furaha.

Nilimkuta tena katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimepangiwa shule upande wa Kenyenya, na nilishuka Tabaka Jumapili moja kuomba vipande vya mawe kwa ajili ya darasa langu. Wanaume walikuwa wamekaa kivulini wakichonga, na upande wa pili, kando ya mapipa ya maji, wanawake walikuwa wakisugua vitu vilivyochongwa kwa msasa na maji mpaka viwe laini. Maji ya mawe yalikuwa yamewapaka weupe hadi kwenye viwiko. Mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabega mapana, ana rundo la sahani mbele yake. Sahani zote zilikuwa za duara, na zote kipimo kimoja.

Nilimwamkia, "Bwairire, mwalimu."

Wanawake wengine walicheka, maana hawakujua kwamba aliwahi kuwa mwalimu. Yeye alinitazama kidogo tu kabla ya kunitaja kwa jina langu, na la mama yangu. Akanisogezea jiwe nikalie. Nilimwuliza kama huwa wanasugua na maumbo mengine. Akasema mnunuzi anataka duara peke yake, kipimo kimoja, zipangike vizuri kwenye sanduku. Hakulalamika. Alisugua huku tukiongea habari za kilimani, nani amekufa, nani ameolewa, na mimi nilikuwa najibu, mpaka nikaona nisiposema sasa nitarudi Kenyenya na mzigo uleule.

Nikamwambia, "Mwalimu, ile sakafu ni mimi."

Hakuacha kusugua. "Nilijua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Sakafu. Mkono unaposiriba unaacha nusu duara. Za wenzako zinaelekea kulia. Zako zilielekea kushoto, kutoka ukutani mpaka mlangoni." Akachovya sahani majini. "Nilikufundisha mwaka mzima. Nisingejua mkono wako?"

Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakinitoka bila mpangilio. Nikasema nilidhani namsaidia. Nikasema ningejitokeza kwenye paredi ile, lakini niliogopa fimbo, ningepigwa viboko vichache tu na yangekwisha, na nimejilaumu kwa hilo miaka yote. Hapo ndipo aliponitazama kwa mshangao, na nikaona kwamba kuna jambo ambalo alidhani nalijua.

Alinieleza polepole. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa anaondoka alimwambia hedimasta kwamba ikiwa somo limeharibiwa na mtu mwingine, na si uzembe wa mwalimu, shule iandike barua, itaje aliyeharibu na adhabu aliyopewa, naye atarudi kumwona mara ya pili. Hedimasta aliuliza paredi nzima, hakupata jibu. Akamwita mwalimu ofisini akamwambia, wewe unamjua, nipe jina, niandike.

"Ungempa," nikasema. "Kwa nini hukumpa?"

"Unamkumbuka yule kijana wa kengele?"

Nilimkumbuka. Alikuwa darasa la saba mwaka mmoja kabla yetu, akaangusha kengele ya shule ikapasuka, na hedimasta akamfukuza, na mtihani ukapita yeye yuko nyumbani anachunga. Hakurudi shuleni tena.

"Ulikuwa umebakiza wiki tano ufanye mtihani," akasema. "Nikamwambia hedimasta simjui."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha wa sakafu, na wa kunyamaza kwa mtoto aliyeogopa fimbo. Kumbe kila nilichokuwa nacho, shule, chuo, mshahara, viatu nilivyovaa, kilitoka kwenye neno lile moja alilolisema akiwa amesimama mbele ya mtu aliyemwogopa. Nililia pale kando ya mapipa, mwanamke mzima, na wale wenzake wakaacha kazi wakatuangalia. Yeye aliniacha nilie. Kisha akaniuliza kama nilipata cheti.

Nikasema nilipata.

"Kikoje?"

Nikasema ni karatasi tu, ina jina langu na mhuri. Akatikisa kichwa, akasema hapana, niambie kikoje, na nikajikuta nashindwa kumweleza. Akasema siku nikipita tena nije nacho akione, maana hajawahi kukiona kwa karibu.

Jumapili iliyofuata nilirudi. Nilikuwa nimekifunga katika gazeti na kukilaza kati ya vitabu viwili kisikunjike. Alikuwa palepale juu ya ndoo. Nilipokifungua aliinua mikono ili akipokee, akaiangalia, nyeupe na yenye kutiririka maji ya mawe, akaishusha. Alinawa pipani. Aliipangusa kwenye leso, akaiangalia tena, na unga ulikuwa bado kwenye nyufa za vidole, unga ambao nadhani haukuwa ukitoka tena hata Sabato.

"Nishikie wewe," akasema. "Nitakichafua."

Nikapiga magoti mbele yake, nikakishika kwa ncha za vidole usawa wa macho yake. Alisogeza uso. Alianza kusoma tangu juu kabisa, neno kwa neno, midomo ikicheza, Kiingereza kikimchelewesha. Alifika kwenye jina langu akalisoma kwa sauti. Alifika kwenye mhuri akakaa hapo. Nikadhani amemaliza, nikaanza kukikunjia gazeti lake.

"Bado," akasema. "Usikishushe."

Nikakiinua tena. Akarudi juu, akaanza upya. Mikono ilianza kuniuma, na magoti kwenye yale makokoto, lakini sikuishusha.